Kibuyu cha Mama Kilichokwenda Ulaya

Mtu akikwambia kwamba kupeleka mzigo Ulaya ni kazi ya kubandika stempu tu, mlete kwangu. Nitampa kiti, nitampa chai, halafu nitamweleza yaliyonikuta mimi na kibuyu cha mama yangu, na akiondoka hapo hatarudia maneno hayo.

Nasema mapema kwamba mimi ni mwanamke wa hasira. Sikujifunza ukubwani, nilizaliwa nayo. Kwa hiyo ukinisikia napandisha sauti humu ndani nisamehe, mambo yenyewe yalikuwa ya kupandishia sauti.

Ilikuwa miaka ya tisini, inaelekea ukingoni. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanyia kazi kule Nyakato kilikuwa kimetupunguza, na tukaambiwa sasa ni ruksa, kila mtu afanye biashara. Haya, tukafanya. Nusu ya wenzangu waliuza mitumba, nusu waliuza maandazi, wakawa wanauziana wao kwa wao. Mimi nikasema nitauza vibuyu. Walinicheka mpaka wakashika mbavu! Nani Mwanza anunue kibuyu wakati maduka yamejaa majagi ya plastiki ya kila rangi? Lakini mimi sikuwa na mpango wa kuwauzia watu wa Mwanza.

Mama yangu aliishi ng'ambo ya ziwa. Unavuka kwa pantoni kutoka Kigongo hadi Busisi, halafu unaendelea na gari mpaka kijijini. Alikuwa fundi wa vibuyu. Alivilima mwenyewe, akavikausha, kisha akavichora kwa chuma cha moto: ng'ombe, samaki, nyota, chochote kilichomjia kichwani siku hiyo. Mama mmoja wa Kizungu aliyewahi kufundisha shule ya jirani na kwangu alivipenda sana, na aliporudi kwao akafungua kiduka, akaweka picha za vibuyu kwenye kompyuta watu wa mbali wavione. Wakiagiza kwake, yeye ananiagiza mimi. Oda zilikuja kwa barua pepe, katika duka la kompyuta mjini, karibu na posta, ambako dada mwenye duka alinisomea na kunitafsiria, maana Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji.

Mzigo wa kwanza niliufunga kwa akili zangu zote. Viwanda vya minofu vilikuwa vinatupa vipande vya yale maboksi meupe mepesi wanayosafirishia sangara, nikaviokota, nikavikatakata, nikavijaza kuzunguka vibuyu. Hakikuvunjika hata kimoja. Nilipokwenda kusomewa majibu nilikuwa nimeshavaa uso wa sherehe. Dada wa kompyuta akasoma, akanitazama, akasoma tena. Mteja wangu, yule mama wa Kizungu, alisema vibuyu vimefika salama, asante, ila watu wa posta ya kwao walikuwa wameliweka boksi nje ya jengo, peke yake, kwa sababu ya harufu.

Harufu gani? Nilirudi nyumbani nikachukua vipande vilivyobaki, nikavinusa. Hakuna kitu! Nikamwita jirani anuse. Akanusa hadi pua ikagusa, akasema labda mkono wangu ndio unanukia kitunguu. Ndipo niliposhtuka kwamba sisi watu wa ziwa, harufu ya samaki kwetu si harufu, ni hewa. Tunaivuta tangu tumbo la mama.

Basi nikajifunza. Nikaacha mambo ya samaki, nikawa nafunga kwa mabaki ya nyuzi niliyoyapata kwa wenzangu waliobaki kiwandani. Boksi ndani ya boksi, na katikati yake nyuzi zilizoshindiliwa. Nikimaliza, nasimama juu ya meza, naliachia boksi lianguke sakafuni, puu! Nalifungua, natazama. Likipona hapo, litapona popote. Mtaani walisema kupunguzwa kazi kumenigusa kichwa. Nilipowasikia niliwajibu, na majibu yenyewe hayafai kuandikwa.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka siku mteja alipoleta ombi lingine. Kulikuwa na maonyesho makubwa ya kazi za mikono huko kwao, na yeye alipewa meza. Vibuyu vipya anavyo, lakini watu wanauliza: hivi kweli mtu anatumia kitu hiki? Alikumbuka kwamba siku nilipompeleka kwa mama aliona kibuyu kikuukuu cha maziwa kinaning'inia karibu na mlango. Je, mama anaweza kumwazima? Akishaonyesha, atakirudisha kwa posta.

Nilimwambia dada wa kompyuta asome tena, labda amekosea. Hakukosea.

Kile kibuyu hakikuwa cha kuazima. Bibi yangu alimpa mama siku anaolewa, na bibi naye alikuwa amekitumia kabla ya hapo. Kilikuwa kimekolea weusi. Kila baada ya kuosha, mama alikifukiza ndani kwa moshi wa vijiti vya mti fulani, akakitikisa, akafunga kizibo. Maziwa yakigandia humo yanakuwa na ladha ambayo sijaipata tena kokote, ya moshi, na uchachu kidogo, na kitu kingine ambacho mama alikiita harufu ya mama yake. Bibi alikuwa amekufa mimi nikiwa mdogo. Uso wake siukumbuki, lakini harufu hiyo ndiyo niliyolelewa nayo.

Nilikwenda kumweleza nikitegemea atanifukuza. Hakunifukuza. Aliuliza, "Huyo mama si ndiye aliyekunywa maziwa yangu akamaliza?"

"Ndiye, Mayu." Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Kitarudi?"

"Kitarudi."

"Kama kilivyo?"

"Kama kilivyo. Nitakifunga kwa mikono yangu."

"Maana mimi sikupewa kuwa changu," alisema. "Nimepewa nikitunze. Kikiharibika nitamwambia nini aliyenipa?"

Nikaapa. Niliapa kwa Mungu, nikaapa kwa kaburi la baba, mama akaniambia inatosha, ng'wana wane, mwanangu, usiamshe watu waliolala.

Asubuhi yake alinikabidhi kibuyu kikiwa kimeshafungwa kizibo na kamba ya ngozi. Nilipofika Nyakato nikakifungua nikakagua. Jamani! Mdomoni kulikuwa na pamba, pamba safi ya shambani, imeshindiliwa vizuri mpaka shingoni. Nilifurahi kupita kiasi. Nikajisemea, kumbe mama amekuwa akinitazama ninavyofunga vibuyu nikivichukua kwake, naye ameelewa kwamba chombo kilicho wazi ndani ndicho kinachopasuka kikikandamizwa. Nikamsifu peke yangu chumbani. Nikafunga kizibo.

Mzigo ule niliufunga kama nafunga mtoto mchanga. Nyuzi, kanga kuukuu, boksi, nyuzi tena, boksi lingine. Sikuuangusha kutoka mezani, moyo haukuniruhusu. Posta, bwana wa forodha lazima aone kwanza kilichomo ndipo mzigo ufungwe gundi, kwa hiyo nililipeleka likiwa wazi. Akachomoa kizibo, akaingiza kidole.

"Ndani kuna nini?"

"Pamba tu, mzee wangu. Kisipasuke."

"Zaidi ya hapo?"

"Zaidi ya hapo ni kitupu."

Akatikisa kibuyu karibu na sikio. Kimya. Akaandika, akagonga muhuri, akalibandika boksi gundi mbele ya macho yangu.

Kule kijijini mama akaanza kuhifadhi maziwa yake kwenye jagi la plastiki la kijani nililomnunulia. Kila nikienda alinilalamikia. "Haya si maziwa," alisema, "haya ni maji meupe." Nikamwambia avumilie, chombo chake kiko njiani.

Siku nilipoitwa duka la kompyuta kwa haraka nilidhani ni habari za kufika. Dada aliponiona hakunikaribisha kiti. Alisema tu, "Kibuyu chako kimekamatwa."

"Kimekamatwa na nani?"

"Forodha ya kule. Wamekifungua."

Mteja aliandika kwa uchungu, hata mimi nisiyejua Kiingereza niliona alama za mshangao zimejipanga kwenye kioo. Chini ya pamba, tumboni mwa kibuyu, walikuta kifurushi cha kitambaa, na ndani ya kitambaa vipande vikavu visivyojulikana, vya rangi ya kahawia, vimejaa wadudu walio hai. Wanauliza ni kitu gani. Wanauliza kama ni nyama, na kama ni nyama, ni ya mnyama gani. Karatasi zinasema chombo ni kitupu. Wanataka kuchoma kila kitu, kibuyu pamoja.

Nilikaa sakafuni, hapohapo mbele ya wateja wa watu. Nyama? Wadudu? Kuchoma? Toba yarabi! Kichwani nilikuwa namwona bwana wa forodha wa hapa na kile kidole chake, na mimi nikisema kitupu, mzee wangu, kitupu, kwa mdomo mpana. Nilimwomba dada ajibu kwamba wasichome, kwa jina la Mungu wasiguse kiberiti, nakwenda kuuliza.

Nikavuka siku ileile. Kwenye pantoni watu wananisalimu, mimi siwaoni. Nilimkuta mama anachambua choroko uani. Shikamoo yangu siku hiyo ilitoka kama tusi.

"Marahaba. Kimefika?"

"Mayu, uliweka nini ndani ya kibuyu?"

Hakuhitaji hata kufikiri. "Michembe."

Michembe! Viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, chakula chetu cha miezi ya kiangazi. Kitu ambacho mtoto yeyote wa Usukumani anakitafuna njiani akienda shule.

"Kwa nini?" Nilikuwa napiga kelele sasa. "Nani alikutuma? Nimekwambia chombo kinakwenda Ulaya, kinapita kwa maaskari na maafisa, wewe unaweka michembe!"

Mama aliacha choroko. Alinitazama kwa mshtuko mkubwa kuliko wangu, na nikaona wazi kwamba mshtuko wake hauhusu Ulaya, unanihusu mimi.

"Ulitaka kitoke kwangu kitupu?" aliuliza.

Akaninyooshea kidole.

"Chombo kinatoka na kitu, kinarudi na kitu. Hata jirani akikuletea mboga kwenye bakuli, bakuli unalirudisha tupu? Mimi nimekulea wewe, au umelelewa na ng'ombe? Mtu ameomba chombo cha maziwa. Maziwa yataharibika njiani, hilo najua, mimi si mjinga. Michembe haiharibiki. Nikaifunga kwenye kitambaa isipige kelele, nikaweka pamba juu kama wewe unavyoweka nyuzi zako."

"Imeingiwa na wadudu, Mayu."

"Wadudu wa michembe ni wa kupepeta tu." Akapunguza sauti. "Wamekula?"

"Waliogopa. Walidhani ni nyama."

"Waliogopa michembe?"

"Waliogopa."

Akarudia neno hilo mara nyingi, michembe, waliogopa michembe, huku anatikisa kichwa. Mimi hasira zilikuwa zimenikaba, na kicheko nacho kinataka kutoka, na nyuma ya vyote hivyo hofu, kwa sababu huku sisi tunabishana, huenda kule moto umeshawashwa. Nikamwambia ukweli: wanataka kukichoma.

Alishika ukingo wa ungo kwa mikono miwili. "Uliapa," alisema. Sikuweza kumtazama.

Nilirudi mjini nikamsimamia dada wa kompyuta kama mnyapara. Andika: ni viazi. Andika: ni viazi vitamu, vimekaushwa, ni zawadi, ni heshima. Andika: kibuyu ni cha bibi yangu, amekufa, hakuna kingine duniani. Andika tena. Dada akasema ameshaandika. Nikasema aandike kwa herufi kubwa. Mteja naye, Mungu ambariki, kumbe alikuwa anapigana huko upande wake, amekwenda mwenyewe mpaka kwenye ofisi zao akakaa mlangoni. Jibu lilipokuja, dada alisoma moja kwa moja bila kunitesa: hawatachoma. Wametupa michembe na pamba, na kibuyu watakipiga dawa ya wadudu, kisha watakiachia.

Nilimkumbatia dada mpaka kiti chake kikayumba. Kupigwa dawa! Kupigwa dawa ni kitu gani? Hata nyumba inapigwa dawa, pamba shambani inapigwa dawa. Nilimpelekea mama habari, naye akainua mikono juu. Tukachinja kuku.

Maonyesho yakaja, yakapita. Mteja aliandika kwamba watu walijaa mezani kwake kwa ajili ya kibuyu kile. Kisha akaandika kwamba amekituma. Nikasubiri. Kila nikipita posta nauliza, mpaka bwana anayegawa vifurushi akawa ananitikisia kichwa kutoka mbali kabla sijafungua mdomo.

Lilipofika boksi, akanitaka nilifungue pale kaunta. Sijawahi kuona mzigo umefungwa vizuri namna ile. Mimi niliyejiona bingwa nilisimama mdomo wazi. Ile plastiki yenye malengelenge ya hewa ilizungushwa tabaka kwa tabaka, kona zote zimewekewa sponji, boksi halina hata kovu. Nikabandua, nikabandua. Nikashika kibuyu kwa mikono miwili, nikakizungusha. Hakuna ufa. Hakuna hata mkwaruzo.

Halafu nikatambua kwamba ninakitazama kibuyu ambacho sikijui.

Kilikuwa cheupe. Siyo cheupe kabisa, lakini ule weusi wa mikono ya bibi na mikono ya mama ulikuwa umesuguliwa, kimebaki rangi ya mbao mpya. Nilichomoa kizibo nikaweka pua. Harufu ya hospitali ilinipiga mpaka machozi yakanitoka. Nikanusa tena, nikatafuta hata chembe ya moshi. Hakuna.

"Kuna karatasi hapa chini," bwana wa vifurushi alisema. Ilikuwa imegundishwa kitakoni, ina picha ya fuvu la kichwa. Akainama akasoma, akaisoma tena polepole kwa Kiswahili. "Kimetiwa dawa kali ya kuua wadudu. Kisitumike tena kwa chakula wala kinywaji."

"Tena mpaka lini?"

"Hawakuandika mpaka lini, mama."

Nilitukana. Sijui nilimtukana nani. Watu kwenye foleni waligeuka, bwana wa vifurushi akanisogezea boksi langu kwa upole, kama mtu anayemhudumia mfiwa.

Njiani kwenda Kigongo nilifikiria mengi. Nikifukize mwenyewe moshi? Nikipake samli? Nimwambie mama kimeibiwa? Lakini mama angekitambua gizani, na hata uongo una mipaka yake. Nilibandua ile karatasi kwa ukucha nikaikunja, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nilisema nitamweleza kwa mdomo wangu, taratibu.

Nilifika jioni, ng'ombe wamerudi, mama anatoka zizini na ndoo ya maziwa, povu bado limesimama. Aliponiona nimebeba kitu akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa anatabasamu. Nilimpa.

Alikipokea, akakipitisha kiganja. Tabasamu likabaki mdomoni, lakini machoni likapotea. Akachomoa kizibo, akanusa. Akakitoa puani, akasubiri, akanusa tena. Nilitamani apige kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya, kelele ndiyo lugha yangu.

"Wamekiosha," alisema.

"Wamekiosha, Mayu."

"Bila kuuliza?"

"Bila kuuliza."

Akaingiza vidole, akapapasa. Akakigeuza juu chini, akakipigapiga kitakoni. Hakikudondosha kitu.

"Hawakuweka chochote?"

"Hawakuweka."

"Hata chumvi?"

Nilitikisa kichwa. Mama alikaa kwenye kigoda. Alitazama upande wa ziwa, kama anawatafuta watu wenyewe, na sauti yake ilipotoka haikuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Maskini," alisema. "Kumbe na kwao kuna njaa."

Nilitaka kumwambia hapana, nilitaka kumweleza habari za nchi zile. Lakini wakati huo alikuwa ameshasimama. Alikibana kibuyu kwapani, akainua ndoo, akainamisha mdomo wa ndoo kwenye mdomo wa kibuyu kama alivyofanya maisha yake yote. "Moshi utarudi," alisema. "Nitaufukiza. Taratibu utarudi."

"Mayu, usimimine!"

Niliirukia ndoo. Maziwa yakatumwagikia miguuni, yake na yangu. Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi.

"Kina sumu," nilisema. "Wamekitia sumu ya wadudu. Wameandika. Hakifai tena kwa maziwa." Nikafungua pindo la kanga, nikamwonyesha ile karatasi yenye fuvu. Mama hakujua kusoma, lakini picha aliielewa.

Kuku walikuwa wameanza kudonoa maziwa pale chini.

"Sumu hii wameiweka wao?"

"Wao, Mayu."

"Basi hakikurudi kitupu," alisema. Akakiweka chini, nje ya mlango, akaingia ndani kutafuta jagi la plastiki.